Maswali Yenu: Kitabu cha simu cha mji na ahadi ya madawati

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo katika kata ya Kanyenye, Manispaa ya Tabora. Mwezi uliopita alitutembelea mchapishaji anayekusudia kuchapa kitabu cha simu cha mji wetu. Anataka kila mwanachama alipie tangazo, na ameahidi kwamba sehemu ya mapato itanunua madawati ya shule ya msingi na jezi za timu ya kata, kama msaada wake kwa jamii. Vilevile ametuomba maoni kuhusu sura mpya ya kitabu hicho, kwa kuwa anakiri kwamba vile vya zamani vilisomeka kwa shida. Wanachama wamegawanyika. Wapo wanaosema vitabu vya simu vimekwisha hata Ulaya, na wapo waliokwisha kutoa pesa kwa ajili ya madawati. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, wanaosema vimekwisha Ulaya hawakukosea. Kitabu cha kwanza kilitolewa New Haven, Marekani, mwezi Februari 1878, nacho kilikuwa karatasi moja yenye majina 50 hivi na bila namba hata moja, kwa sababu aliyekaa kwenye mtambo wa simu aliunganisha watu kwa majina yao. London ilipata cha kwake mwaka 1880, kikiwa na majina 248. Kurasa za manjano za Uingereza, yaani kitabu cha simu za wafanyabiashara, zilianzia mji wa Brighton mwaka 1966, na Januari 2019 toleo la mwisho lililochapwa kwenye karatasi likagawiwa katika mji uleule wa Brighton.

Hata hivyo, kule karatasi iliondoka baada ya kazi kukamilika. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walilipwa kukusanya majina, kuyahakiki na kuyapanga, na orodha hiyo iliyokuwa tayari ndiyo iliyohamishiwa kwenye intaneti. Tabora mafundi wengi hawajawahi kuorodheshwa popote. Mshonaji aliyeko kata ya Ng'ambo namba yake imo katika simu za wateja wake na kwenye kipande cha boksi alichokitundika mlangoni, basi. Kwa hiyo mchapishaji wenu akifanya kazi ya kukusanya kwa uaminifu, atakuwa ametengeneza kitu ambacho hakipo, hata kama baadaye kitasomwa kwenye simu badala ya karatasi. Akichukua tu majina ya waliolipia matangazo, atakuwa amechapa kijitabu cha matangazo, na msikiite kitabu cha simu.

Kuhusu sura mpya, nina mengi ya kusema kuliko mlivyouliza. Kosa kubwa ambalo nimeliona katika orodha za namna hii ni kuchukua mpangilio wa Kiingereza na kuuvika maneno ya Kiswahili. Katika lugha yetu mtu anayefanya kazi huanza na herufi M: mshonaji, msusi, mchomeleaji, mpiga picha, mkandarasi, mpishi wa harusi. Wanaobaki huanza na neno fundi: fundi bomba, fundi umeme, fundi seremala, fundi redio. Ukipanga kwa alfabeti bila kufikiri, herufi mbili zitabeba nusu ya kitabu na nyingine zitabaki na mistari miwili mitatu. Wingi nao huleta matata yake, maana duka la dawa litakaa kwenye D na maduka ya dawa yatakaa kwenye M, na mgonjwa anayetafuta usiku hana muda wa kukisia mpangaji alipendelea umoja au wingi. Watunga kamusi walilitatua jambo hili zamani kwa kuweka kitenzi chini ya shina lake, ndiyo maana kushona tunakutafuta kwenye S. Kwa kitabu cha simu ningeshauri njia iliyo rahisi zaidi, yaani kupanga kwa kitu kinachoshughulikiwa: dawa, maji, magari, nguo, nywele, umeme, vyuma. Mwenye bomba lililopasuka anawaza maji yanayomwagika sebuleni, hawazi cheo cha fundi.

Na mkumbusheni kwamba kompyuta haijui Kinyamwezi wala Kiswahili. Ile alama ya juu katika Ng' huihesabu kuwa kitu kinachotangulia herufi zote, kwa hiyo Ng'ambo inaweza kujikuta mbele ya kila jina linaloanza na Nga. Lazima mtu apitie orodha kwa macho yake.

Upande wa herufi, nina kitabu cha simu cha zamani mezani ninapoandika haya. Kimetobolewa pembeni, na kipande cha kamba ya katani kilichokifunga kwenye kaunta ya ofisi fulani bado kinaning'inia. Mistari imebanana kiasi kwamba msomaji aliyenitangulia aliweka rula na kupiga mstari wa kalamu chini ya kila namba aliyoihitaji, na pembezoni ameandika kwa wino wa bluu namba mpya za watu waliohama. Udogo ule wa herufi ulikuwa na sababu yake, kwa kuwa kila mstari uliookolewa ulipunguza karatasi. Marekani walilichukulia jambo hilo kwa uzito hata kampuni ya simu ya AT&T ikamwagiza mchoraji wa herufi Matthew Carter atengeneze maandishi maalumu kwa ajili ya vitabu vyake vya simu, nayo yakatoka mwaka 1978 kwa jina la Bell Centennial. Ukizikuza herufi hizo utaona zina mapengo kwenye pembe, kama zilizogugunwa na panya. Wino juu ya karatasi nyepesi husambaa, na unaposambaa huyajaza yale mapengo, herufi ikatokea nzima na safi.

Kitabu cha mji mmoja hakina haja ya ubanifu wa kiwango hicho. Mwambieni aweke safu mbili kwa ukurasa badala ya nne, herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani ya kuazima, na nafasi tupu pembezoni, kwa sababu kalamu ya wino wa bluu itakuja tu. Kila jina lifuatwe na mahali panapojulikana. Nyumba zetu zilipewa namba na mitaa ikawekewa vibao katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, na anwani hizo ziandikwe, lakini mteja bado ataelekezwa kwa stendi, soko na mwembe. Tundu la kamba lisisahauliwe.

Sasa madawati. Kutoa msaada kwa jamii ni desturi ya zamani ya wachapishaji hawa, na baadhi yao waliifanya vizuri. Uingereza wachapishaji wa kurasa za manjano waliendesha shindano la shule kukusanya vitabu vilivyopitwa na wakati ili karatasi itengenezwe upya. Shule zilizoshinda zilipewa pesa, na kiasi kinacholingana kikaenda kwenye shughuli za kupanda na kutunza miti. Angalieni jinsi msaada ule ulivyohusiana na bidhaa yenyewe: kitabu kilitokana na miti, kikaacha taka, na mchapishaji akazishughulikia taka zake. (Kwetu shindano lingekosa washiriki, maana kurasa zote zingekuwa zimekwisha kufungia karanga.)

Jezi hazina uhusiano wowote na kitabu, na zitachakaa kabla ya toleo la pili. Siwakatazi madawati, ila yaandikwe katika mkataba wake peke yake, idadi na tarehe zikitajwa, na mkuu wa shule awe mmoja wa watia saini, ili bei ya tangazo ijadiliwe kama bei ya tangazo. Mtu anayewauzia nafasi kwa kuwaonea huruma watoto wanaokaa sakafuni anawazuia kuuliza nakala ngapi zitachapwa na zitaachwa wapi. Ulizeni hayo kwanza.

Msaada ambao ningeudai mimi umo ndani ya kurasa. Ukurasa wa kwanza usiuzwe kwa yeyote: uwe na 112 ya dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 116 ya huduma kwa mtoto, kisha Hospitali ya Kitete, zahanati na ofisi za kata. Vikundi vya akina mama, misikiti, makanisa na shule viorodheshwe bure. Na kabla ya kuchapa, vijana wa kata walipwe kupiga namba zote, moja baada ya nyingine, na kufuta zisizopatikana. Hapo pesa ya mchapishaji itakuwa imeingia mifukoni mwa watu wenu, na kitabu kitakuwa cha kweli.

SWALI: Namba yangu imo katika orodha ya mafundi iliyosambazwa mtaani kwetu Cheyo bila mimi kuulizwa, na sasa napigiwa hata saa sita usiku. Je, inaruhusiwa?

JIBU: Hapana, dada yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na sababu halali na akujulishe anataka kuzitumia kwa kazi gani. Mwandikie aliyeitoa orodha akuondoe, ubaki na nakala ya barua, na akikaidi ipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ndugu Katibu wa Kanyenye naye ajumuishe hili: kila anayeorodheshwa atie saini, na achague saa za kupigiwa.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu wa reli, naishi Ujiji, Kigoma. Tabora na sisi tuko njia moja ya treni, lakini simu zao za mezani huanza na 026 na zetu 028. Mkichapa kitabu kimoja cha njia ya reli, hamtawachanganya watu?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini mgawanyo wa namba haukufuata reli. Tabora iliwekwa kundi moja na Dodoma, Singida na Iringa, na Kigoma ikawekwa pamoja na Mwanza na Kagera. Simu za mkononi nazo hazitambulishi mahali, na tangu mwaka 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, tarakimu za mwanzo hazitambulishi hata mtandao wake. Dawa ni kuandika kila namba kwa ukamilifu wake, kwa kuanza na +255 na kuiacha ile sifuri. Wafanyabiashara wa dagaa na mawese pale Kibirizi watakushukuru, kwa sababu wateja wao walioko nje ya nchi, Bujumbura na Kalemie, hawaipati kabisa namba iliyoandikwa kuanzia sifuri.