Kwa fundi mpya wa maabara: usimwage kabla hujaandika

Ukiripoti kazini kama fundi sanifu maabara, kazi ya kwanza utakayoonyeshwa ni kuosha vyombo. Utaonyeshwa sinki, brashi na sabuni, basi. Hakuna atakayekwambia kwamba pale penye sinki ndipo yanapopotelea mambo ambayo pengine yangekuwa na maana. Mimi nimemwaga mengi. Kwa hiyo nisomeni kama mtu aliyekwisha kuungua, msinisome kama mwalimu.

Nianze na mwenzetu mmoja. Miaka ya 1960, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, alimpa fundi wake kazi ndogo: chukua maji ya moto na maji ya baridi, ujazo sawa, weka kwenye friji, uone yapi yanaganda kwanza. Fundi akarudi na taarifa kwamba ya moto ndiyo yaliyotangulia. Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Maneno hayo yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Jina lake halikutajwa, na pengine ni heri. Mimi huyacheka kila nikiyakumbuka, kisha nanyamaza, maana fundi yule ni mimi, na ukikaa maabara miaka miwili utakuwa wewe.

Swali lenyewe halikuwa la Osborne. Lilikuwa la mwanafunzi, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, kule Lushoto, ambako vijana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unanunua maziwa kwa akina mama wa jirani, unachemsha, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji zilikuwa chache na wenye hamu ni wengi. Siku moja Mpemba yuko anachemsha yake, akamwona mwenzake amekoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kukimbilia friji. Akaona akisubiri yapoe atakosa kitreyi cha mwisho, basi akayatumbukiza yakiwa ya moto vilevile, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu, ya kwake yameshakuwa aiskrimu. Ya mwenzake bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Kipande ninachokipenda zaidi kinafuata, na watu wakisimulia hukiruka. Baadaye Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini. Rafiki akamwambia kwamba yeye huweka maziwa ya moto makusudi, kwa sababu huganda upesi. Wauza aiskrimu walikuwa wameshalimaliza suala hilo, wala hawakuomba ruhusa ya kitabu. Nawe ukikwama, kabla ya kwenda kwa profesa pita kwanza kwa fundi friji, mama lishe au mwoka mikate. Watu wanaorudia kitendo kimoja mara mia kwa siku huona yale ambayo sisi tunaorudia mara tatu tu hatuyaoni.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa zima likapata utani wa kudumu. Lakini alasiri moja aliikuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bika (vikombe vya maabara) mbili za sentimita za ujazo 50, moja ya maji ya bomba, moja ya maji ya moto, akaweka kwenye friji. Saa moja baadaye, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye yale ya moto. Kwa hiyo Osborne alipokuja kuzungumza na wanafunzi, akaulizwa swali lile na Mpemba, naye akamuuliza kama kweli amelijaribu, kijana alikuwa na jibu. Wenzake walidhani amewaaibisha. Osborne alisema jambo hilo halijui, ila akirudi Dar atalijaribu. Na ndipo tunamrudia fundi wetu.

Sasa habari yangu. Mwaka wangu wa pili kazini niliandaa praktikali ya taitresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inatosha kuimaliza kostiki soda: kostiki soda kwenye chupa, asidi ya haidrokloriki kwenye bureti, ule mrija wenye vipimo. Asubuhi ile fenolftalini, dawa inayobadilika rangi kuonyesha asidi imetosha, ilikuwa haba, nikawapa nusu ya darasa nyingine ya kazi hiyohiyo, metili oranji. Nikapita mezani. Wenye metili oranji wanasoma sentimita za ujazo 24.4, 24.3, 24.5. Wenye fenolftalini 23.1, 23.0, 23.2. Kila upande unakubaliana wenyewe kwa wenyewe, lakini pande mbili hazikubaliani. Nami badala ya kujiuliza, nilikasirika. Nilisema upande ule hawajui kusoma bureti. Binti mmoja alikuwa ameandika 23.1 kwa penseli, mwandiko wake mdogo ulionyooka. Nikamwambia afute aandike 24.4. Akafuta.

Kesho yake mhadhiri mmoja wa kemia alichukua daftari lile, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma 23.1 kwenye kovu la karatasi. Akaniuliza: "Kostiki yako umeifungua lini?" Chupa kubwa ilikuwa imekaa wiki kadhaa na kifuniko kisichobana. Kostiki soda hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na sehemu yake kugeuka kabonati. Fenolftalini huhesabu kabonati nusu tu, metili oranji huihesabu yote. Tofauti ile ya sentimita za ujazo 1.3 niliyoitukana ilikuwa inanipimia, bila malipo, kiasi ambacho dawa yangu imeharibika. Hakuna aliyegundua kitu kipya siku ile, kemia hiyo ni ya zamani. Ila namba ilikuwa ya kweli, na mtu mwenye koti jeupe ndiye aliyeifutisha.

Tangu hapo nina kanuni moja ambayo nawalazimisha wote wanaokuja kwangu: matokeo ya ajabu huandikwa kwanza, hugombewa baadaye. Kwa wino. Andika saa, namba ya chupa, friji gani, nani alikuwepo. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka. Marufuku kifutio. Ukishaandika, rudia utakavyo.

Kuandika peke yake hakutoshi lakini, lazima pia upime. Angalia alivyofanya Roy Plunkett tarehe 6 Aprili 1938, katika maabara ya DuPont kule New Jersey. Alikuwa anatafuta gesi mpya ya majokofu, ameihifadhi kwenye mitungi midogo iliyopozwa kwa barafu kavu. Msaidizi wake, Jack Rebok, alifungua valvu: kimya, hakitoki kitu. Mimi na wewe tungesema umevuja, tukachukua mtungi mwingine. Wao waliuweka kwenye mizani. Uzito uko palepale! Gesi haijaenda kokote, na haitoki. Wakauchezea, wakaukung'uta, mwisho wakaukata kwa msumeno, wakakuta unga mweupe unaoteleza kama nta. Molekuli za gesi zilikuwa zimeungana zenyewe humo ndani. Unga huo ndio uliomo kwenye kikaango kisichogandisha chapati, na kwenye tepu nyeupe ambayo fundi bomba huizungusha kwenye nyuzi za bomba lisivuje. Kilichowaokoa ni mizani, kifaa ambacho hata shule ya kata inacho.

Ya Alexander Fleming na visahani vyake vya mwaka 1928 mmeyasikia mpaka mmechoka: alirudi likizo, akakuta ukungu umeua bakteria kwenye kisahani kilichokuwa kikisubiri kuoshwa. Nyinyi nataka mjue jina jingine, Norman Heatley wa Oxford. Ukungu ule ulikaa miaka zaidi ya kumi bila kuwa dawa ya kutibu watu, yaani penisilini, mpaka Howard Florey na Ernst Chain walipoushika, na Heatley ndiye aliyehangaika na vyombo. Vita imewabana, vifaa hakuna, akaoteshea ukungu kwenye beseni za kujisaidia wagonjwa. Nobeli ya 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Heatley alikuja kupewa udaktari wa heshima na Oxford mwaka 1990.

Huku kwetu kuna Boheti bin Amrani. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, akiwa kwenye shughuli zake Lindi, alikuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200. Wapagazi waliibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Boheti ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji na mkono wa kutegemewa katika kuitoa mifupa bila kuivunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Fikiria sasa: mfupa uliovunjika vipande, umefungwa, umebebwa porini, umepakiwa melini, unafunguliwa Berlin miaka mingi baadaye na mtu ambaye hakuwepo. Atajuaje ulitoka wapi? Kwa lebo. Yule jitu la shingo ndefu lililosimamishwa Berlin mwaka 1937, lenye kimo cha zaidi ya mita 13, sehemu kubwa ya mifupa yake bado inaitwa S II, yaani shimo S, mnyama wa pili. Herufi moja na namba, na miaka zaidi ya mia wataalamu bado wanabishana juu ya mnyama yule kwa kuanzia hapo. Chupa isiyo na lebo kwenye rafu yako naomba uitazame kwa jicho hilo.

Nisije nikawaharibu lakini. Mara nyingi matokeo ya ajabu ni uchafu, betri ya mizani imechoka, au mtu kasoma kipimajoto kimegusa chini ya bika. Hata la Mpemba halijatulia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walilipima kwa makini, wakasema hawaoni ushahidi wa maana, na kwamba kuhamisha kipimajoto juu au chini kidogo tu kunaweza kukupa mshindi wa uongo. Wengine wanasema chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu ulio chini yake, kikagusana vizuri na friza. Ubishi unaendelea, na ni mzuri.

Mimi kila mwaka huwapa wageni jaribio hilo wiki ya kwanza, bila kuwaambia jibu. Kwenye friji la zamani, lile lililokuwa linaota barafu kuta zote, maji ya moto yalishinda mara kadhaa. Mwaka huu tumeletewa jipya, lisilojenga barafu. Tumejaribu mara tatu, na mara zote tatu ya baridi yametangulia. Kijana mmoja akaniuliza aandike lipi, la mwaka huu au la vitabuni. Nikampa kalamu ya wino.