Maswali Yenu: Magnemite anaelea, mbona Earthquake inamwangusha?

Barua nyingi mwezi huu zinamhusu Magnemite wa Pokémon: kidude cha chuma cha mviringo, jicho moja, skrubu tatu, na sumaku mbili zilizopinda kama herufi U ubavuni. Yupo tangu michezo ya Red na Green ilipotoka Japani mwaka 1996, na huko jina lake ni Coil. Tumechagua barua tano.

Magnemite hagusi chini hata siku moja. Iweje Earthquake, tetemeko la aina ya Ardhi, imuue kwa pigo moja?
*Msomaji, Morogoro*

Mchezo hauangalii mchoro. Unaangalia aina ya kiumbe na kipaji chake. Kipaji kinachomwepusha Pokémon na mapigo ya Ardhi ni Levitate, na Magnemite hana. Yeye hupewa kimoja kati ya Magnet Pull, Sturdy au kile cha siri, Analytic. Maelezo ya Pokédex, kamusi ya viumbe ndani ya mchezo, yanasema anapingana na mvutano wa dunia, lakini maelezo hayo hayaingii kwenye hesabu ya pambano. Bronzong naye ni wa Chuma, naye anaelea, na anaweza kuwa na Levitate. Kwa hiyo ukilalamika kuwa kuna upendeleo, hatutakubishia.

Hesabu yenyewe ni hii. Nguvu ya Earthquake ni 100. Ikipigwa na Pokémon wa Ardhi inazidishwa kwa 1.5. Ardhi humuumiza Umeme mara mbili na Chuma mara mbili, na Magnemite ni vyote viwili, hivyo inazidishwa tena kwa 4. Unapokea pigo lenye uzito wa 600. Mwaka 1996 Magnemite alikuwa wa Umeme peke yake, na Ardhi ilimuumiza mara mbili tu; Chuma kiliongezwa katika Gold na Silver mwaka 1999. Alilipia, ila alipata kinga kamili dhidi ya Sumu na ngao dhidi ya aina nyingi mno.

Kinga yake? Wengi hukimbilia Magnet Rise, pigo linalomwinua kwa zamu 5. Linaonekana zuri mpaka uangalie kasi: Magnezone, umbo la mwisho la Magnemite, ana 60, Garchomp wa Ardhi ana 102. Garchomp anapiga kwanza, na hiyo zamu ya kujiinua hufikii. Ukiwa na Sturdy na uhai umejaa utabaki na pointi 1, kisha ndiyo uelee. Ukimtoa uwanjani, athari inapotea.

Sisi tunapendekeza Air Balloon, puto la kushikwa na Pokémon. Akiishika, Ardhi haimgusi tangu anapoingia. Kasoro zake ni mbili. Mchezo hutangaza kuwa ana puto, hivyo mpinzani hashtukizwi. Na puto hupasuka kwa pigo lolote lenye madhara, hata dogo: Landorus atapiga U-turn, pigo dogo linalomtoa mpigaji uwanjani na kumwingiza mwenzake, puto litapasuka, na mwenzake anayeingia atakuja na Earthquake. Likishapasuka, mtoe Magnezone papo hapo. Hapo ndipo wachezaji wengi huharibu, wanataka kupiga mara moja zaidi. Jihadhari pia na pigo la Gravity, kwani inazima puto na Magnet Rise vyote kwa pamoja.

Katika Scarlet na Violet kuna njia ya tatu, kumfanya awe wa Kuruka kwa Tera, uwezo wa kumbadilishia Pokémon aina katikati ya pambano. Ardhi inakoma, lakini ngao zote za Chuma zinaondoka naye, na Barafu, Mwamba na Umeme vinaanza kumuumiza.

Magneton wangu amefika leveli 58 lakini hawi Magnezone. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Nakuru*

Hukusema unacheza mchezo upi, na jibu lote liko hapo. Magnemite huwa Magneton leveli 30 katika michezo yote mikuu. Magnezone aliingia mwaka 2006 na Diamond na Pearl, kwa hiyo ukiwa kwenye FireRed au Emerald usisubiri, hayumo.

Kuanzia Diamond hadi Ultra Sun na Ultra Moon lazima apande leveli *akiwa ndani* ya eneo lenye sumaku: Mt. Coronet kule Sinnoh, Chargestone Cave katika Black na White, Route 13 katika X na Y, New Mauville katika Omega Ruby na Alpha Sapphire, Vast Poni Canyon katika Sun na Moon. HeartGold na SoulSilver hazina eneo kama hilo, itabidi umhamishie Sinnoh. Rare Candy, pipi ya kupandisha leveli moja, inafaa, mradi umpe ukiwa mahali penyewe. Thunder Stone katika michezo hiyo haimbadilishi hata kidogo.

Kuanzia Sword na Shield mambo yamerahisishwa: Thunder Stone moja, popote ulipo. Aliyefika leveli 100 naye hubadilika kwa jiwe, wakati zamani alikuwa amekwama kwa sababu hana leveli ya kupanda. Kama masharti yote yametimia na bado habadiliki, angalia kama ameshika Everstone, jiwe linalozuia kubadilika.

Magnet Pull au Sturdy, nichague ipi kwa mapambano na watu?
*Msomaji, Zanzibar*

Magnet Pull. Inamzuia Pokémon wa Chuma wa upande wa pili asitolewe, na hiyo ndiyo kazi iliyompa Magnezone jina. Sturdy inakuachia pointi 1 pale tu uhai umejaa, na Stealth Rock, mawe yanayomuumiza kila anayeingia, ikiwa imetandazwa unapoteza asilimia 6.25 ukiingia tu. Tayari haina maana.

Mtego unategwa hivi. Mweke uwanjani mpigaji anayemvutia Skarmory, ndege wa Chuma na Kuruka. Skarmory akiingia na kuanza kutandaza miiba ya Spikes, mwingize Magnezone. Sasa hatoki. Thunderbolt ina nguvu 90, inazidishwa kwa 1.5 na tena kwa 2, inakuwa 270. Lakini Skarmory naye mara nyingi ana Sturdy: uhai wake ukiwa umejaa, pigo la kwanza litamwachia pointi 1. Na akiwa na Whirlwind atakupeperusha wewe, mtego ukafa. Mchubue kwanza.

Wanaoponyoka ni wenye U-turn au Volt Switch, aliyeshika Shed Shell (kifaa cha kutorokea), na tangu X na Y (2013) wote wenye aina ya Mzimu. Usipoteze zamu kumvizia Aegislash au Gholdengo.

Ferrothorn, wa Majani na Chuma, ni kisa kingine. Umeme na Chuma vyote vinamgusa nusu. Hadi 2019 dawa ilikuwa Hidden Power ya Moto. Sword na Shield zilipoiondoa, wachezaji walihamia Body Press, pigo la Mapigano linalopiga kwa kutumia ulinzi badala ya nguvu za mashambulizi. Magnezone ana ulinzi wa 115. Uongeze kwanza kwa Iron Defense, kisha piga.

Kwenye Pokémon GO nahitaji pipi ngapi mpaka Magnezone?
*Msomaji, Kampala*

Pipi 125: 25 za kwanza, kisha 100. Magnemite mmoja hukupa pipi 3, hivyo ni takriban 42. Ukitumia Pinap Berry, tunda linalozidisha pipi mara mbili, kila unapomkamata, 21 wanatosha. Siku za mvua mchezo huongeza viumbe vya Umeme, kwa hiyo masika ni msimu wako.

Zile 100 peke yake hazitoshi. Lazima uwe karibu na PokéStop (kituo cha mchezo kwenye ramani) iliyowekewa chambo cha Magnetic Lure Module. Si lazima uinunue wewe. Chambo cha mtu mwingine kinafaa, na kimoja kinabadilisha Magneton wengi utakavyo kabla hakijaisha. Ukiwa na marafiki wenye pipi tayari, kutaneni mchangie kimoja.

Nimeweka Magnemite wawili wanizalie yai, siku tatu hakuna kitu.
*Msomaji, Dodoma*

Hawana jinsia. Mtoe mmoja, weka Ditto, Pokémon anayeweza kuzaa hata na wasio na jinsia. Kama unataka mtoto mwenye Analytic, mzazi Magnemite awe nayo. Kuanzia X na Y uwezekano wa kuirithisha ni asilimia 60.

Na kwa aliyeuliza kwa nini mdogo wake humtania kwa jina la Magnemite kila umeme ukikatika: Pokédex ya Ruby inasema hujibandika kwenye nyaya kula umeme, na kwamba nyumba ikizimika ukaangalie kisanduku cha swichi kuu, huenda wamejazana humo.