Labramu imechanika, sawa. Lakini nyonga imetulia?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 24, anayesimama saluni kutwa nzima, akubali upasuaji wa matundu madogo kwa kamera kwa kuwa MRI imeonyesha labramu ya nyonga, yaani ukingo laini wa kikombe cha kiungo, imechanika. Ripoti imegusia pia kuwa kikombe cha nyonga, lile tundu linaloshika kichwa cha mfupa wa paja, ni kifupi. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Dodoma, na ningeanza na hicho kikombe.

Kikombe kifupi hakifuniki vizuri kichwa cha mfupa wa paja. Kazi ya kuzuia kichwa hicho kisichomoke inaangukia labramu pamoja na kifuko cha kiungo, mpaka labramu inazidiwa na kuchanika. Daktari akiingia na kamera, akapunguza labramu na kuacha kifuko bila kukishona, ameondoa kizuizi kilichokuwa kimebaki. Nimepokea wagonjwa wa hivyo (hospitali sizitaji) wakichechemea kuliko walivyoingia.

Kwanza eksirei: apigwe amesimama, nyonga zote mbili kwenye picha moja. Nyonga ikikaa upande kwenye picha, vipimo vinadanganya. Wapime pembe ya Wiberg, inayoonyesha kikombe kinafunika kichwa cha paja kiasi gani. Nyuzi 25 kwenda juu ni kawaida, chini ya 20 ni displasia (kikombe kisichofunika vya kutosha), katikati hapo ndipo kwenye ubishi. Kwenye ubishi namba moja haitoshi: waangalie mwinamo wa paa la kikombe (ukizidi nyuzi 10 ni wa kutilia shaka), mstari wa Shenton (tao linalotoka shingo ya paja hadi mfupa wa kinena) kama umekatika, na ikibidi CT kuona paja limejipinda kiasi gani.

Halafu mikono, maana picha haionyeshi kiungo kikicheza. Huwa namlaza mgonjwa ukingoni mwa kitanda, goti la pili amelikumbatia kifuani, mguu wenye shida unaning'inia. Nauzungusha taratibu kwenda nje. Nyonga iliyolegea utaijua kwa uso: kabla hajasema inauma, anashika kitanda na kusema "inataka kuchomoka". Hofu hiyo kwangu ina uzito kuliko maumivu. Mpimeni pia ulegevu wa viungo vya mwili mzima kwa alama za Beighton, jumla 9: kidole gumba kikikunjwa kinagusa kigasha (mkono kati ya kiwiko na kiganja)? Viganja vinagusa sakafu bila kukunja magoti?

Displasia ikiwa kubwa na nyonga inacheza, kamera peke yake siishauri. Dawa yake mara nyingi ni kukata na kugeuza kikombe chenyewe, upasuaji alioanzisha daktari wa mifupa Ganz kule Bern, Uswisi, mwaka 1984. Ni mkubwa na kupona kwake ni kwa miezi, kwa hiyo maoni ya pili MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili, Dar es Salaam) yanastahili nauli ya treni ya SGR. Ikiwa ni ya mpakani na imetulia, kamera inajadilika, ila muulizeni daktari waziwazi: labramu utaishona au utaikata? Kifuko utakifunga? Akikwepa, ahirisheni.

Wakati mnasubiri, aimarishe misuli ya makalio na aache kujinyoosha kwa kupanua miguu, hata kama anasikia raha. Picha ya kusimama ikitoka iweke hapa, ila ufute jina lake kwanza.