Maswali ya Wasomaji: Greini 180 Zote Si Sawa

SWALI: Naishi Colorado na nina bunduki ya .30-06. Risasi za kuwindia elki (aina ya kulungu mkubwa) najaza mwenyewe kwa vichwa, yaani sehemu ya risasi inayoruka, vya Nosler Partition vya greini 180, lakini vimeadimika dukani. Je, naweza kuweka AccuBond au Barnes TSX vya uzito huohuo bila kubadili kiasi cha baruti?

JIBU: Hapana, usifanye hivyo. Vyote vitatu vina greini 180, yaani gramu 11.66, ila havikuundwa sawa, na presha ndani ya ganda haitegemei uzito peke yake.

AccuBond ndicho ndugu wa karibu wa Partition. Nosler, kampuni inayounda vyote viwili, huweka vichwa vyake vya uzito mmoja kwenye jedwali moja la baruti. Hata hivyo shuka hadi kiwango cha kuanzia, kwa kawaida asilimia 10 chini ya cha juu, kisha panda kwa nusu greini.

TSX ni habari nyingine kabisa. Ni shaba tupu, na shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi: gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.34. Ili kifikie greini 180, kichwa lazima kiwe kirefu zaidi. Urefu huo huzama ndani ya ganda, hula nafasi ya baruti, na presha hupanda. Fuata jedwali la kampuni ya Barnes tu. Safisha pia mtutu hadi masalia ya shaba ya vichwa vya zamani (vya risasi vilivyovikwa shaba) yaishe, la sivyo shabaha itatawanyika.

Kosa linalowaponza wengi ni kuacha dai, yaani kifaa cha kusukumia kichwa ndani ya ganda, ilivyokuwa. Dai husukuma kwenye mabega ya kichwa (pale kinapoanza kuchongoka), si kwenye ncha, na mabega ya vichwa hivi hayalingani. Tengeneza kwanza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni). Urefu wote usizidi milimita 84.84, iingie kwenye magazini, na bolti ifunge bila kulazimishwa. Kwa TSX, acha takriban milimita 1.3 kabla ya kichwa kugusa mifuo (mikato ya ndani) ya mtutu.

Bolti ikiwa nzito kufunguka, au kitako cha ganda kikiwa na alama ya kung'aa, acha hapohapo na uvunje risasi zilizobaki. Fataki iliyobapa peke yake si ushahidi wa kutosha. Na isipobapa, usidhani uko salama.

Kwa elki tungechagua AccuBond. Mgawo wake wa kukata hewa (ukiwa mkubwa, kichwa hupoteza kasi polepole) ni .507, wa Partition .474, lakini ndani ya mita 300 tofauti hiyo hutaiona. Ukitaka shaba, chukua TSX ya greini 168: shaba huhitaji kasi ili ifunguke inapompiga mnyama, na kichwa chepesi huondoka kwa kasi zaidi. Ukivuka kwenda kuwinda California, shaba si hiari, kwani vichwa vyenye madini ya risasi vimepigwa marufuku huko kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019.

Chochote utakachochagua, rekebisha upya darubini kwenye mita 100 kabla ya msimu.