Mwanangu avuke sasa kwenda NHL, au abaki Sweden?

Dada, hongera, na wasiwasi wako naulewa. Unasema kijana ana miaka 19, timu ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada) iliyomchagua inamtaka msimu huu, na klabuni kwake Sweden ndiyo kwanza ameanza kupata namba.

Mimi ningemshauri abaki mwaka mmoja. Msweden Elias Pettersson alichaguliwa na Vancouver, timu ya NHL, mwaka 2017, akabaki Sweden katika klabu ya Växjö, akaongoza ligi kwa pointi 56 na kubeba ubingwa. Alipovuka mwaka 2018 alikuwa ameiva, akatwaa tuzo ya NHL ya mchezaji bora chipukizi. Ila kama kocha atamrudisha benchi, aende, hata akianzia AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Mfini Mikko Rantanen alipikwa huko, katika timu ya San Antonio, karibu msimu mzima.

Kinachowasumbua wengi ni uwanja. Ulaya upana kwa kawaida ni mita 30, kule NHL ni 26. Mwangalie anapopokea kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafu) pembeni: Sweden anapata muda wa kuinua kichwa, kutazama, kisha kutoa pasi. Kule, kabla hajainua macho, beki keshambana ukutani. Aanze leo kugeuza shingo kabla kisahani hakijamfikia. Halafu kule msimu una mechi zaidi ya 80, siyo 52 kama Sweden.

Kabla hajasaini, mwulizeni wakala kama mkataba unamruhusu kurudi Ulaya akikosa nafasi NHL. Kiandikwe, dada, wasikuridhishe kwa maneno ya simu.