Nimeambiwa nikate asilimia 20 ya bajeti ya TEHAMA. Nianzie wapi?

SWALI

Kaka, habari za kazi. Naongoza kitengo cha TEHAMA kwenye kampuni inayosambaza pembejeo za kilimo. Makao makuu yapo Dar es Salaam, na matawi ni 14, mengi yapo Nyanda za Juu Kusini na Kanda ya Ziwa. Wafanyakazi ni 230. Kitengo changu kina watu sita, mimi nikiwemo. Mkurugenzi ameniagiza nipunguze gharama kwa asilimia 20 mwaka ujao wa fedha, na wakati huohuo meneja wa mauzo kila kikao analalamika kwamba mfumo unakwama na matawi hayauzi. Mezani kuna mapendekezo matatu: kuachisha kazi mafundi wawili, kukabidhi kila kitu kwa kampuni ya nje, au kuhamishia seva zetu kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Lipi lina nafuu? Na kweli inawezekana gharama zishuke huku huduma ikipanda?

JIBU

Dada, inawezekana, na nimeiona ikitokea zaidi ya mara moja. Fedha nyingi katika kitengo kama chako huliwa na kazi ileile inayofanywa mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Tawi likikwama mara nane kwa mwezi kwa sababu moja, umelipa mara nane na meneja wa mauzo amekasirika mara nane. Sababu ikiondoka, gharama na malalamiko huondoka pamoja.

Mapendekezo yote matatu yaweke kando kwa wiki sita. Yanahusu nani afanye kazi na ifanyikie wapi, ilhali kutokana na barua yako naona bado hakuna anayejua kazi yenyewe ni ipi na ni kiasi gani. Ukiachisha mafundi wawili leo, mzigo utabaki palepale na watakaoubeba watakuwa watu wanne.

Anza kwa kuhesabu. Kama mafundi wanapigiwa simu moja kwa moja au wanatumiwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, zuia hilo kwa upole, na kila ombi lipite sehemu moja lipewe namba. Programu ya kusimamia maombi hayo, yaani tiketi, huhitaji kununua. GLPI ni ya bure na inatosha kabisa kwa watu 230. Kila tiketi iandikwe vitu vitano tu: tawi, kifaa au mfumo uliohusika, saa tatizo lilipoanza, saa lilipokwisha, na kilichofanyika. Mafundi watalalamika kwamba kuandika kunawachelewesha. Kaa nao, waeleze kwamba namba hizo ndizo zitakazotetea ajira zao. Waambie hivyo waziwazi, kwa sababu ni kweli.

Baada ya wiki sita panga tiketi kwa aina. Tuseme unapata tiketi 400 kwa mwezi, na 120 kati yake ni watu waliosahau nywila. Kila moja ikila dakika 15, hizo ni saa 30, karibu siku nne za kazi za fundi mmoja kila mwezi. Mfumo wa mtu kubadilisha nywila mwenyewe kwa simu yake, ambao huenda tayari upo ndani ya leseni za programu unazolipia, unafuta sehemu kubwa ya saa hizo. Nakuhakikishia utakuta na rundo la printa. Huko mara nyingi dawa ni kupunguza idadi ya printa na kubaki na modeli moja au mbili, ili tona ya tawi moja iweze kuokoa tawi jingine.

Sasa hapa ndipo ninapotaka utulie, maana ndipo fedha zilipo. Wataalamu wa fani hii hutofautisha tukio na tatizo. Tukio ni mtandao wa tawi kukatika leo saa nane. Kazi ya fundi ni kuurudisha haraka. Tatizo ni kile kinachoukata kila siku saa nane. Hizo ni kazi za watu wawili tofauti, au angalau ni saa mbili tofauti kwenye ratiba ya mtu mmoja, kwa sababu anayezima moto hana nafasi ya kutafuta aliyeuwasha. Mgawanyo huu umo katika ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za TEHAMA ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia wakala wake wa kompyuta na mawasiliano, kwa lengo hilohilo ulilopewa wewe: huduma bora kwa fedha chache. Toleo la nne lilitoka 2019. Huhitaji kulipia vyeti vya timu nzima mwaka huu. Chukua wazo hili moja tu na ulitumie.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo tawi moja la mkoani lilikuwa linapoteza mtandao karibu kila alasiri. Tulibadilisha ruta mara mbili. Tuliugombeza mtandao wa simu. Fundi alipanda basi, akalipwa posho ya safari na malazi, akafika, akakuta kila kitu kinafanya kazi, akarudi. Kilichotusaidia ni daftari la saa. Tulipopanga matukio ya miezi miwili tukaona yanaanza baada ya saa saba mchana na hayatokei Jumapili. Nyuma ya ukuta kulikuwa na karakana ya kuchomelea mageti, na mafundi wake walianza kuchomelea wakishapata chakula. Umeme ulishuka, swichi ndogo ya mtandao ikajizima na kujiwasha, na mashine zote za mauzo zikapoteza mawasiliano na seva. UPS moja ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukiyumba, ikamaliza habari. Bei yake ilikuwa chini ya gharama ya safari moja ya fundi, na sisi tulikuwa tumeshalipia safari nne.

Kwa hiyo kila Ijumaa tenga saa mbili, chagua matatizo matatu yaliyojirudia zaidi, na kila moja lipewe mtu atakayelifuatilia mpaka chanzo kijulikane. Matatu tu, dada. Ukichukua kumi hutamaliza hata moja.

Kuhusu mtandao wa matawi, soma mikataba yako kwa kalamu na kikokotoo. Mtoa huduma akikuahidi upatikanaji wa asilimia 99.5, amejiachia nafasi ya kukatika saa 3.6 katika mwezi wa siku 30, na bado atakuwa hajavunja ahadi. Kwa asilimia 99.9 ni dakika 43 hivi. Saa hizo zikiangukia usiku wa manane, hazikuumizi. Saa hizohizo asubuhi ya msimu wa mbolea, foleni ikiwa mpaka nje, zinakuumiza sana. Omba ahadi ipimwe ndani ya saa zako za kazi, na fidia iwe punguzo kwenye ankara linaloingia lenyewe bila wewe kuandika barua. Kisha pima mwenyewe. Programu ya Zabbix ni ya bure, itakuonyesha kila laini ilikuwa hewani kwa muda gani, na mwisho wa mwezi utaongea na mtoa huduma ukiwa na takwimu zako mkononi.

Laini mbili za asilimia 99 kila moja, zikiwa huru kweli, kwa hesabu zinakupa asilimia 99.99. Mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko laini moja ya kifahari. Lakini neno "huru" ndilo lenye kazi. Faiba mbili za kampuni mbili zikipita nguzo moja ni laini moja yenye ankara mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na watoa huduma wawili wanaotegemea nyaya hizohizo hakuwa na laini ya akiba siku hiyo.

Tukio hilo linanipeleka kwenye wingu. Vituo vya wingu vya makampuni makubwa vilivyo karibu nasi vipo Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Mfumo wako wa mauzo ukikaa huko, mauzo ya tawi la Njombe yatategemea waya wa bahari ya Msumbiji. Barua pepe na nakala rudufu zihamishe bila wasiwasi. Mfumo wa mauzo, mimi ningeuacha ndani ya nchi, kwako au kwenye kituo cha data cha kukodi, mpaka uwe na programu inayoweza kuuza tawi likiwa halina mtandao na kutuma hesabu baadaye. Na kabla hujapeleka kumbukumbu za wateja na wafanyakazi nje ya mipaka, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; kusafirisha taarifa hizo kuna masharti yake. Seva zinazobaki kwako, zihesabu moja moja. Ukikuta ambayo hakuna anayejua inafanya nini, chunguza nani anaitumia, kisha izime.

Leseni ndiyo sehemu ya kupata fedha haraka kuliko zote. Chukua orodha ya mishahara kutoka rasilimali watu, iweke pembeni ya orodha ya akaunti unazolipia. Tuseme wafanyakazi ni 230 na akaunti ni 281. Akaunti 51 za watu walioondoka, kwa dola 12 kila moja kwa mwezi, ni dola 7,344 kwa mwaka, tena ni mlango wa usalama ulioachwa wazi. Halafu jiulize kama mtunza ghala anayesoma ujumbe kwenye simu anahitaji leseni sawa na ya mhasibu. Leseni hizi zinalipwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiteleza bajeti yako inapanda bila wewe kununua chochote.

Usiingie mkataba usiojua utatokaje. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware, watengenezaji wa programu inayogawa seva moja ifanye kazi kama nyingi, mwezi Novemba 2023, haikupita hata miezi miwili wakasitisha kuuza leseni za kudumu, wateja wakabaki na malipo ya kila kipindi. Makampuni mengi yaliyojenga kila kitu juu ya bidhaa ile moja yalijikuta hayana pa kukimbilia wakati wa mazungumzo ya bei.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Bosi akikuambia ununue kompyuta za mtumba kwa sababu ni nafuu, angalia prosesa kwanza. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele isipokuwa chache sana. Mashine ya kizazi cha sita kwa bei ya kutupa ni mashine utakayoinunua tena.

Nirudi kwenye kampuni ya nje. Sipingi. Kazi ya kwenda matawini kufunga vifaa, kwa mfano, inaweza kufanywa vizuri na mtu aliyepo Mbeya au Mwanza kuliko fundi wako anayetoka Dar es Salaam. Ila angalia namna ya malipo. Ukiwalipa kwa kila tiketi, umewapa sababu ya kupenda tiketi. Walipe kiasi maalumu kwa kila mtumiaji au kila tawi kwa mwezi, ili matatizo yakipungua faida ibaki kwao, na waone maana ya kutafuta chanzo.

Viko vitu usivikabidhi kwa yeyote: nywila kuu za mifumo, ramani ya mtandao wenu, nakala rudufu, na umiliki wa jina la tovuti. Kuna kampuni niliisaidia ambayo jina lake la .co.tz lilikuwa limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi wa nje. Walipogombana kuhusu malipo, barua pepe za kampuni nzima zikasimama kwa siku kadhaa. Nenda kaangalie lenu leo, kabla hujamaliza kusoma hili.

Sasa mkurugenzi. Usimpelekee orodha ya ankara, mpelekee huduma. Andika ukurasa mmoja: mfumo wa mauzo, barua pepe, mtandao wa matawi, kompyuta za wafanyakazi, msaada kwa watumiaji. Kila huduma iandikie jumla ya gharama kwa mwaka, ukigawa humo leseni, vifaa, laini, na mishahara kwa kadiri ya muda unaotumika, kisha gawanya kwa idadi ya watumiaji au matawi. Hapo utaweza kumwambia kuhudumia tawi moja kunagharimu kiasi gani, na kwa nini tawi fulani ni ghali mara mbili ya jirani yake.

Kisha weka mafungu matatu. La kwanza ni upotevu unaoukata mwenyewe bila kuomba ruhusa: akaunti za walioondoka, seva zisizo na kazi, laini zisizotumika. La pili ni akiba itakayohitaji fedha kidogo kwanza, kama zile UPS, na useme itaanza kuonekana mwezi gani. La tatu ni huduma ambazo zikikatwa zitapungua kweli, kwa mfano fundi wa zamu ya Jumamosi. Hilo la tatu usiamue peke yako. Liweke mbele yake pamoja na meneja wa mauzo, kwenye kikao kimoja, mwezi mmoja kabla ya msimu wa mvua, na uwaombe wakuonyeshe ni Jumamosi zipi tawi la Njombe linaweza kukaa bila fundi.