Nilimwita mzazi mara nne, hakuja

Barua ya kwanza nilimpa mwanafunzi wangu ampelekee mama yake mwezi Februari. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Ya nne niliiandika kwa kalamu nyekundu, nikaigonga mhuri: ufike shuleni kesho saa 3 asubuhi bila kukosa. Hakufika. Siku hiyo nikasema ofisini, wenzangu wakisikia, kwamba wazazi wa huku Mbagala mtoto wakishamvalisha sare wanahesabu wamemaliza kazi. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mtoto mwenyewe alikuwa Darasa la Tatu, mkondo wa asubuhi. Wenzake wanaanza kipindi saa 2, yeye anaingia saa 3, anakaa nyuma, na kabla ya mapumziko kichwa kiko juu ya dawati. Kusoma alikuwa bado anakokoteza silabi. Mtoto wa namna hiyo ukimwacha, mwakani anakutana na upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne akiwa hawezi hata kusoma maelekezo ya swali.

Jioni moja nimeshuka Rangi Tatu kwenye daladala, natafuta samaki wa kukaanga wa kwenda nao nyumbani. Nyuma ya karai, juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamwona mwanafunzi wangu amempakata mdogo wake. Akasimama haraka. "Shikamoo mwalimu." Mama yake akageuka na upawa mkononi, mafuta yanachuruzika.

"Karibu mwalimu. Haya, mchango gani tena?"

Swali lile lilinichoma. Ada shule za msingi za serikali hazina, na tangu Januari 2016 serikali iliondoa na michango ya lazima. Lakini mzazi wa Dar anajua barua ya shule ikija na mhuri mara nyingi inanukia hela: uji, mlinzi, mtihani wa majaribio. Mimi nilidhani naita mzazi, kumbe kwake nilikuwa nadai deni.

Nikanunua vibua viwili, nikakaa kwenye benchi. Alinieleza huku anageuza samaki, hakuacha kazi hata dakika moja. Anaamka saa 9 usiku. Saa 10 yuko njiani kwenda soko la samaki la Feri kuwahi mnada, na mpaka arudi Mbagala na ndoo yake ni saa 4 na nusu. Mdogo wa miaka miwili anabaki na dada yake mpaka jirani amalize kufungasha vitumbua vyake, ndipo ampokee. Barua zangu zote alizipata. Alikuwa amezichomeka kwenye mkoba wa hela, zimelowa mafuta.

"Sasa nikija hiyo saa tatu yako mwalimu, jioni nitauza samaki wa jana?"

Nawaambia walimu wanaoanza kazi: kabla hujasema mzazi fulani hana ushirikiano, jua kwanza saa 3 asubuhi anakuwa wapi. Nyuma ya daftari langu la maandalio sasa nina ukurasa wa wazazi, na ninachoandika hapo ni saa zao. Baba wa bodaboda apigiwe saa 8 mchana, abiria wamepungua. Machinga wa Kariakoo ni baada ya saa 2 usiku, akiwa ndani ya gari na foleni imemkamata. Dada wa kazi za ndani ni Jumapili tu. Na ukimpata, sentensi ya kwanza isiwe ya hela wala ya kosa la mtoto. Mwambie mwanao ana mwandiko mzuri, kama kweli anao. Usidanganye, mama anaujua mwandiko wa mwanawe.

Dawa ya yule mtoto ilikuwa wazi: ahamie mkondo wa mchana, unaoanza saa 6 na nusu, mama akiwa ameshafika nyumbani. Kwenye karatasi ni rahisi. Mkondo wa mchana ulikuwa wa mwenzangu, naye alikuwa na watoto 114.

"Dada, 114 unaona wachache?"

Alikuwa na haki. Nilimfuata saa ya kugawa madaftari, ana rundo kifuani mpaka kidevuni. Siku ya pili nikasubiri chai. Nikamuuliza yeye ana mtoto gani anayemsumbua kwa saa. Alikuwa naye mmoja: baba ana bajaji, asubuhi anapita mlangoni pa shule, mchana hana wa kumleta. Tukabadilishana. Madarasa yakabaki na idadi ileile.

Nikiri kwamba asingekubali kama tusingekuwa tumeshazoeana kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Walimu wengi huyachukulia kama kikao cha kusaini mahudhurio, na vikao vingine kweli ni vya kusaini. Ila kuna siku nilisema mbele ya wenzangu kwamba kufundisha kusoma kwa sauti za herufi kunanishinda, mimi wa miaka 11 kazini. Ni yeye aliyekuja darasani kwangu akanionyesha, kwa visoda vya soda alivyoviandika herufi. Mwalimu akishakuona unakwama, siku nyingine hakuoni kama mtu anayekuja kumtwisha mizigo.

Akabaki mwalimu mkuu, na kwa wakuu nilishawahi kukosea. Mwaka mmoja kabla, nikiwa shule nyingine, nilisimama kwenye kikao cha wafanyakazi nikasema ratiba ya zamu imepangwa kwa upendeleo. Nilichosema kilikuwa kweli. Lakini Afisa Elimu Kata alikuwa amekaa pale pale, na mkuu wangu wa wakati ule akawa hana njia nyingine ila kuitetea ratiba. Ikagandishwa mwaka mzima. Kama lile jambo ningempelekea peke yake ofisini, naamini angelirekebisha kimya kimya.

Safari hii nilimwacha mkuu wangu wa sasa amalize kufunga takwimu za mwezi. Mwenye kusimamia shule kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo hata yote haifiki mikononi mwake, ukimwingilia wakati anahesabu boksi za chaki jibu lako ni "tutaona". Niliingia na karatasi moja: mahudhurio ya watoto wawili yaliyonakiliwa kutoka rejista, saini za wazazi wote wawili, na saini ya mwenzangu. Alisoma, akauliza kama mwalimu wa taaluma anajua. Anajua. Akasaini. Haikuchukua dakika tano, na nilikuwa nimejiandaa kubishana nusu saa.

Kundi la WhatsApp la wazazi ni zuri kwa kutangaza siku ya kufunga shule, basi. Niliwahi kubandika humo alama za darasa zima. Mzazi mmoja alijitoa usiku ule ule, na mpaka mtoto anamaliza hakurudi.

Mtoto wa samaki amekuwa mchana tangu Mei. Hajawa wa kwanza darasani, lakini halali tena, na ukurasa anaumaliza. Mama yake hajakanyaga ofisini hata leo. Juzi saa 11 alfajiri simu ikalia, ujumbe wa sauti: "Mwalimu samahani kwa usiku huu, mdogo wake ana homa, leo dada mtu hatakuja, nampitisha zahanati nikirudi." Nyuma yake dalali anapandisha bei ya ndoo ya dagaa. Nikampelekea mwenzangu ujumbe ule kama ulivyo, nikavuta shuka.